Sanamu Bubu

Kumezuka katika miji ya Afrika ya Mashariki mtindo wa kuzipamba njia panda. Halmashauri hupata mfadhili, mfadhili huleta fundi, fundi huleta saruji na rangi, na baada ya wiki chache katikati ya kipilefti huota samaki, au swala, au mama aliyejitwika mtungi, au mkono uliokunja ngumi. Siku ya uzinduzi utepe hukatwa, ngoma hupigwa, na mgeni rasmi hutangaza kwamba kazi hiyo ni ya kuienzi jamii na urithi wake. Kisha mgeni rasmi huondoka, ngoma hunyamaza, na kitu kile hubaki palepale kikipauka kwa jua, kikionwa na kila mtu bila ya kusemeshwa na yeyote.

Kimya hicho ndicho kiini cha kosa. Ubaya wa sanaa hii si uhafifu wa saruji wala ufinyu wa kipaji, kwani mafundi wazuri wapo tele. Ubaya wake ni kwamba hutengenezwa bila ya neno. Huisifu jamii ambayo haikuulizwa lolote, wala haimpi mpita njia chochote cha kuondoka nacho kinywani. Jamii za nchi hizi, za pwani na za bara, ziliuhifadhi urithi wao kwa kauli kabla ya kuuhifadhi kwa jiwe: kwa majina, kwa methali, kwa nyimbo, kwa tenzi, kwa matambiko. Anayetaka kuuenzi urithi huo kwa jiwe lisilo na kauli ni sawa na mtu aliyemwalika shaha wa malenga karamuni kisha akamziba mdomo.

Mfano wa karibuni ulionekana Addis Ababa. Februari 2024 ilizinduliwa, katika makao makuu ya Umoja wa Afrika, sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere. Picha zake zilipoenea yakazuka mabishano makali: uso ule ni wake, au si wake? Wako waliosema kuwa ni mtu mwingine kabisa, na wako walioitetea kazi ya msanii. Mabishano hayo yalikuwa na haki yake, maana sanamu ya mtu ikikosa kufanana na mtu huyo imekosa la kwanza. Lakini yalikwama kwenye pua na masikio. Swali lililo kubwa zaidi halikupata nafasi lililoistahiki: hata kama uso ungefanana shilingi kwa ya pili, ni Nyerere yupi anayekumbukwa?

Nyerere wa sanamu ni yule wa kifimbo na koti, kiongozi anayetazama mbali. Huyo ni wa kweli, ila si yeye peke yake. Yupo Nyerere aliyekesha na mizani na vina. Yupo aliyeifasiri tamthilia ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963, ile iliyokuja kuitwa Juliasi Kaizari, kisha akaifasiri nyingine ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Yupo mzee aliyestaafu urais mwaka 1985, na ambaye tenzi zake za Injili nne na za Matendo ya Mitume zilichapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla ya kifo chake. Mtu aliyezaliwa katika lugha ya Kizanaki, akapelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, aliichukua bahari ya utenzi iliyokuzwa Pate, Lamu na Mombasa, akaimimina ndani yake Injili nzima. Hilo ni tukio kubwa katika historia ya ushairi wa Kiswahili, na hakuna sanamu maarufu inayomwonesha ameshika kalamu.

Swali hili linakaa vizuri zaidi likiulizwa nyumbani kwake. Kiabakari ni mji mdogo wa wilaya ya Butiama, mkoani Mara, kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Bunda hadi Musoma, na si mbali na kijiji cha Butiama alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu. Haukutajika kwa sanamu za njia panda. Ni mji wa soko, wa mabasi yanayosimama kidogo na kuondoka, wa pikipiki na maduka ya vifaa vya ujenzi. Kwa sababu hiyo hasa ni mahali pema pa kulipimia jambo hili mapema, kwani mtindo wa kupamba miji hushuka kutoka miji mikubwa kwenda midogo kama ushukavyo mtindo wa mavazi.

Si vigumu kubashiri mradi wa kawaida ungeuletea nini mji huo. Ungeleta kichwa cha Mwalimu cha saruji. Ungeleta simba, kwa kuwa Serengeti i jirani. Ungeleta mchimba dhahabu aliyeinua sururu huku akitabasamu. Chini yake kungeandikwa jina la mfadhili kwa herufi kubwa na jina la mgeni rasmi kwa herufi kubwa zaidi. Hapo ndipo urithi wa Kiabakari ungehesabiwa kuwa umeenziwa.

Mtazame huyo mchimba dhahabu anayetabasamu. Kiabakari ulikuwa na mgodi wa dhahabu uliochimbwa wakati wa utawala wa Waingereza, mmojawapo wa migodi iliyotajika katika Tanganyika ya siku zile, ukafungwa katikati ya miaka ya 1960, miaka michache tu baada ya uhuru. Dhahabu ilikwenda ilikokwenda. Waliobaki ni wale waliojua giza la chini ya ardhi, wajane wao, watoto wao, na mji uliokusanyika kwa ajili ya kazi na kuiona kazi ikiondoka. Historia ya namna hiyo ina fahari ndani yake, na ina uchungu, na ina deni. Tabasamu la saruji hufuta mawili kati ya hayo matatu. Humgeuza mchimbaji kuwa pambo, na pambo halidai chochote. Lakini mtu akimpa mwana wa mchimbaji kalamu, au akamsikiliza mkewe akisimulia, litatoka jambo ambalo hakuna fundi wa njia panda aliyewahi kuliagizwa.

Mkoloni, kwa ubaya wake wote, alilijua jambo hili. Katikati ya Dar es Salaam Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Waingereza walipouteka mji katika Vita Kuu ya Kwanza waliiondoa, na mwaka 1927 wakasimamisha mahali pake askari wa shaba aliyechongwa na James Alexander Stevenson. Hawakuiacha shaba ijisemee. Walimtafuta mshairi wao aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote, Rudyard Kipling, akaandika maneno ya kuwekwa chini yake, na maneno hayo yakatiwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikaandikwa kwa hati za Kirumi na kwa hati za Kiarabu. Dola iliyoteka nchi kwa bunduki ilifahamu kwamba ukumbusho usio na maneno haumtawali mtu. Halmashauri za leo, zilizo huru, humlipa mchomelea vyuma na mpaka rangi, wala hazikumbuki kuwa mji una washairi.

Ni kweli kwamba maneno yale yalikuwa ya mtu wa mbali, na ya mtu wa dola. Yaliwataja askari na wapagazi kwa jumla, kama zinavyotajwa nguvu zilizotumika zikaisha. Jambo la ajabu ni kwamba ukumbusho wa kweli wa wapagazi hao haupo kwenye shaba. Upo mtaa wa pili, sokoni. Jina la Kariakoo lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, likapita katika vinywa vya watu likawa la Kiswahili, na Nairobi nayo ina mtaa wenye jina la asili hiyohiyo. Wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa njaa, maradhi na mizigo hutajwa kila siku na makondakta, wachuuzi na mashabiki wa mpira, hata na wasiojua kuwa wanawataja. Shaba ilihitaji kuagizwa kutoka Uingereza. Jina lilihitaji watu wa kulisema tu, na hao hawajapungua.

Taifa lenyewe lilianza hivyohivyo. Mwaka 1959 Nyerere alisema katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba Watanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uangaze hata nje ya mipaka. Siku ile hapakuwapo mwenge wowote. Palikuwapo sentensi. Desemba 1961 Alexander Nyirenda akaupandisha mwenge mlimani, na baadaye ukaja mnara wa Mnazi Mmoja, zikaja mbio za Mwenge, zikaja picha kwenye sarafu. Sanaa ya hadhara iliyoenea kuliko zote nchini ilizaliwa na kauli, na ndiyo maana mpaka leo ina la kusema, hata kwa yule asiyekubaliana nayo.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Msikiti wa Kizimkazi unayo maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lilijengwa upya mara kadhaa, na maandishi yakabaki kuwa shahidi. Milango ya Mji Mkongwe haikuchongwa maua matupu: aghalabu kizingiti cha juu kilitiwa aya, au dua, au jina na mwaka. Na ipo kanga, sanaa ya hadhara inayotembea. Mwanamke wa Unguja au Mombasa hainunui kwa rangi peke yake. Huisoma kwanza jina lake, kwa sababu jina ndilo litakalomjibu jirani, litakalomshukuru mama, litakalomwonya mwenza. Kanga isiyo na jina ni kitambaa. Vipi basi jamii iliyokataa kuvaa nguo isiyosema ikubali kuwekewa mnara usiosema?

Itasemwa kwamba ipo michongo iliyo kimya na bado inanena. Ni kweli, na mfano wake uko Mkunazini. Mwaka 1998 msanii kutoka Sweden, Clara Sörnäs, alichonga watu wa zege waliofungwa minyororo, akawatia ndani ya shimo kando ya Kanisa la Anglikana, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kazi ile imefaulu pale ambapo mapambo ya njia panda hushindwa, nayo imefaulu kwa kukataa mambo matatu. Imekataa kupandishwa juu, ikawekwa chini ya usawa wa miguu ya mtazamaji, ili anayeiangalia ainame. Imekataa kuhamishwa, kwani ingewekwa kwenye kipilefti ingekufa. Ardhi yenyewe ndiyo maelezo yake. Na imekataa kusherehekea. Mahali palipo na historia nzito kiasi hicho huweza kubeba ukimya, kwa sababu ukimya wenyewe unajulikana ni wa nini. Samaki wa saruji hana ardhi ya namna hiyo chini yake.

Turudi Kiabakari, maana mji huo tayari una mwalimu wa jambo hili, ingawa hakuna mradi wa sanaa uliomtazama. Wakatoliki wa Tanzania wanaijua Kiabakari kwa kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, kilichoanzishwa na wamisionari waliotoka Poland. Picha ya Yesu wa Huruma ilichorwa mara ya kwanza mwaka 1934 mjini Vilnius, kwa maelekezo ya mtawa Faustina Kowalska. Ni picha ya ugenini, ya mchoraji wa ugenini. Ingetarajiwa iwe ngeni zaidi kuliko sanamu yoyote ya simba. Mbona basi imepata watu? Kwa sababu haikuja peke yake. Chini yake huandikwa sentensi fupi ya matumaini, na sentensi hiyo hutiwa katika lugha ya kila nchi. Ina saa yake, saa tisa alasiri. Ina rozari yake, ambayo huimbwa. Ina mahujaji, watu wanaofunga safari kwa miguu na kwa mabasi. Mtu anaweza kuwa si Mkatoliki, wala si Mkristo, na bado akajifunza hapo: picha huishi pale inapopewa neno, wakati, sauti na miguu ya watu. Mradi unaoleta picha tupu umeleta robo ya kitu.

Na kwa upande wa neno, nchi ile ni tajiri. Majina mawili tu yatosha kuonesha. Yasimuliwa kwamba baba yake Mwalimu, Mtemi Nyerere Burito, aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati nchi imevamiwa na viwavi. Na kwamba mwanawe, aliyezaliwa Aprili 1922 mvua zikinyesha, aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua. Katika majina ya baba na mwana mna baa la njaa na mna neema ya mvua. Wazanaki walikuwa na kalenda, na kumbukumbu ya maafa, na tambiko, vyote ndani ya vinywa vya watu wanaoitana. Mara ni mkoa wa lugha nyingi kuliko wageni wadhanivyo: Kizanaki, Kijita, Kiikizu, Kikwaya, Kikurya, Kingoreme na nyinginezo, kila moja na majina yake, mafumbo yake na nyimbo zake. Wakurya wanalo litungu lao, zeze kubwa la nyuzi nane. Mshairi wa pwani aliyezoea mizani nane asingekaa mbali na chombo hicho.

Huo ndio urithi. Swali ni jinsi ya kuuweka hadharani, na jibu lake si gumu wala si ghali. Beti moja ya utenzi ina mishororo minne ya mizani nane, jumla mizani 32. Inaenea ukutani pa shule. Inaenea juu ya mlango wa soko. Inasomwa na abiria basi likisimama kushusha mizigo, naye akifika Musoma bado anayo. Mji ungeweza kutangaza mashindano ya tungo juu ya mgodi, juu ya mvua, juu ya barabara, juu ya wale waliohama na wale waliohamia. Tungo zikasomwa hadharani siku ya soko, watu wenyewe wakachagua, na zilizochaguliwa zikachorwa kwa Kizanaki upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili. Mchoraji angekuwa na kazi, na kazi bora kuliko ya samaki, kwa sababu angechora kitu kinachofikiri. Baada ya mwaka ukuta ungepakwa chokaa na mashindano yakaanza upya. Ukumbusho unaohitaji kurudiwa ndio unaokumbukwa.

Hapa yafaa kuligusa neno lililojificha nyuma ya miradi hii yote, neno kusherehekea. Miradi husema husherehekea jamii, kana kwamba jamii ni harusi. Jamii ina sherehe, na ina matanga, na ina ugomvi. Mkoani Mara, miongoni mwa yale yaitwayo mila, umo ukeketaji wa wasichana, jambo ambalo sheria ya mwaka 1998 ililiharamisha kwa walio chini ya miaka 18, na ambalo mpaka miaka ya karibuni liliwafanya wasichana kuyakimbia makwao na kuomba hifadhi katika nyumba salama msimu wa tohara ulipofika. Msichana huyo naye ni mwanajamii. Ukuta unaosifu mila kwa jumla, wenye ngoma na shanga na vicheko, humwambia nini anapopita mbele yake usiku, akikimbia? Humwambia kwamba urithi wa nchi yake ni wa wale anaowakimbia. Sanaa inayosherehekea bila ya kuuliza hugeuka kuwa shahidi wa upande mmoja.

Ushairi wa Kiswahili una dawa ya maradhi hayo, nayo ni malumbano. Muyaka wa Mombasa, katika karne ya 19, hakuusifu mji wake peke yake; aliukemea, akawajibu mahasimu, akajibiwa. Kurasa za washairi magazetini ziliishi miaka na miaka kwa swali la mmoja na majibu ya kumi. Ukuta wenye beti ya kusifu mila ungeweza kukabiliwa na ukuta wenye beti ya kuihoji, na mji ukasoma pande zote mbili ukaendelea kubishana hadi saa ya kufunga maduka. Saruji haina mlango wa kujibiwa. Utungo unao.

Lakini haki itendeke: ushairi nao umewahi kuugua ugonjwa wa sifa. Mwaka 1968 Nyerere aliwaomba washairi wausaidie umma kulielewa Azimio la Arusha, nao wakaitika. Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma, aliikuza ngonjera ikawa chombo cha mafunzo, na vitabu vyake vikaitwa Ngonjera za Ukuta, kwa jina la chama cha washairi, UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mna kejeli ya upole katika jina hilo, kwamba washairi walijiita ukuta nusu karne kabla ya miji kuanza kutafuta cha kuchora ukutani. Ngonjera zile zilifundisha wengi. Nyingi kati ya zile za waigaji zilikuwa makofi yaliyotiwa vina, na makofi hayo yamesahauliwa. Kwa hiyo neno peke yake halitoshi. Lazima liwe neno lenye ruhusa ya kukataa. Beti itakayoandikwa na ofisi ili iisifu ofisi haitakuwa na tofauti na samaki, ila kwamba samaki ana mapezi.

Na ipo lawama ya kuuangukia upande wa pwani, kwa wapenzi wa ushairi wenyewe. Wengi wao huusikia mji kama Kiabakari wakadhani ni mahali pa kupelekewa ushairi, si pa kuuchukua. Ushairi kwao ni shamba la urithi lenye ua, na wa bara ni wageni waliokaribishwa barazani wasifike ukumbini. Ziwa lile limewajibu mara mbili. Mara ya kwanza kwa Nyerere, aliyeipokea arudhi ya pwani akaitii. Mara ya pili kwa Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyeitoa Kichomi mwaka 1974 akaivunja arudhi hiyo mbele ya wenyewe, ukazuka mgogoro ambao haukuisha hata alipofariki mwaka 2020. Anayempenda wa kwanza na anayempenda wa pili wanaweza kubishana hadi alfajiri. Hawawezi kukanusha kwamba wote wawili walitoka katika lugha za ziwa moja. Pwani ikidai kwamba miji ya bara iandikwe ushairi ukutani, iwe tayari kuusoma ule itakaoukuta, pamoja na usiotimiza vina.

Zitaletwa hoja mbili za kupinga. Ya kwanza ni kwamba watu hawasomi, na picha humfikia kila mtu. Wanaosema hivyo hawajasimama stendi. Huko ambako husemwa watu hawasomi, mabasi, pikipiki na malori yamejaa maandishi mgongoni, methali na mizaha na dua, yaliyoandikwa kwa fedha za wenye vyombo wenyewe bila ya mfadhili. Watu husoma kinachowahusu. Na asiyejua kusoma husikia. Beti huimbwa, sanamu haiimbwi.

Hoja ya pili ni ya fedha: mfadhili hutoa kwa anachotaka, na anachotaka ni kitu kikubwa kinachoonekana kwa mbali, chenye nembo yake. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo sababu hasa ya kuikataa fedha hiyo. Mji unaomwachia muuza rangi aamue sura ya kumbukumbu yake umekwisha kuuza kitu ambacho thamani yake haikuandikwa kwenye mkataba. Kuta zilizopakwa chokaa, wino, na siku moja ya soko ni gharama ambazo hata halmashauri ndogo huzimudu. Kisichomudika ni kuwasikiliza watu kabla ya kuwapamba, kwa sababu kusikiliza hakuna utepe wa kukata.

Kwa hiyo kila mradi utakaofika Kiabakari, au Bunda, au Chake Chake, au Lamu, ukidai kuja kuuenzi urithi, uulizwe maswali manne kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa. Neno lake ni lipi? Nani amelitunga, na ni mwenyeji wa wapi? Limeandikwa kwa lugha ipi kati ya lugha za mahali hapo? Na asiyekubaliana nalo ameachiwa ukuta gani wa kujibu? Mradi usioweza kujibu hata moja kati ya hayo usipewe kiwanja. Njia panda tupu ina heshima kuliko sanamu bubu: angalau haimdanganyi mpita njia kwamba amekwisha kukumbukwa.